Haro Iliyoingia Bandani kwa Ubavu

Kikoneni,
Kupitia Msambweni,
Kaunti ya Kwale.
Jumatatu, 14 Aprili 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mselem,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya huko Barka, wewe na wenzako wote wa shamba la mitende, na kwamba joto la huko halijaanza kuwakaanga. Vipi mgongo? Vipi lile jino? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa ukisema kwa upande mmoja wa mdomo, na Mama akashinda siku nzima akilalamika kuwa umeanza maringo ya Kiarabu. Nilimweleza kuwa ni jino. Hajakubali mpaka leo.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, kwa kiasi cha kushukuru. Ndugu yetu Ikram huko Mkwiro mzima, mumewe Idris mzima na maneno yake vilevile, na kuku wangu wazima isipokuwa wawili, nao nitakueleza habari zao mahali pake. Idi tumeila vizuri. Habari za Mama ndizo zilizonishikisha kalamu, kwa hivyo usiruke mistari kama ilivyokuwa desturi yako tangu shule.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Sababu ni kwamba simu tukikupigia, Mama ndiye huishika, na huweka sauti ya juu hadi ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Nami nikitaka kutia neno la maana hunifinya paja. Kisha hukwambia tu wazima, tu wazima, mpaka simu ikakatika. Sasa Cynthia, binti wa jirani yetu Kombe, anasafiri Jumamosi kuja kufanya kazi ya hoteli huko Maskati, na amekubali kukuletea. Barua ataitia ndani ya Biblia yake. Mama anajua kuwa ni ya salamu tu.

Basi, haro yako. Jembe lile la visahani ulilotuletea lilifika salama, hilo ulishaambiwa. Usiloambiwa ni jinsi lilivyofika na lililofuata, maana Mama alikataza.

Lori lililoitoa bandarini lilifika mwisho wa lami, dereva akaitazama njia yetu ya udongo, akasema yeye ana watoto. Akaishusha palepale kando ya barabara. Ikabidi Kombe aende na trekta lake, akaifunga nyuma, akaanza kuja nayo. Mselem, ile haro ina futi kumi na nne ubavuni. Njia yetu unaijua. Kila aliyekutana na Kombe siku ile alirudi kinyumenyume mpaka alikotoka, na waliomkuta mbele yao walimfuata nyuma kwa mwendo wake. Miongoni mwa waliomfuata kulikuwa na msafara wa harusi ya watu wa Mrima, na ngoma zao, na wanawake wao wakipiga vigelegele kwa sababu walikuwa wamekwisha kuanza na hawakutaka kupoteza pumzi.

Kwa hivyo haro yako iliingia uani kwetu kwa ngoma na vigelegele. Mama alikuwa jikoni. Aliposikia ngoma zinakuja upande wetu alitupa mwiko, akatia udi kwenye chetezo, akatoka mbio, yeye na miaka yake themanini na miwili, kuja kukupokea. Alidhani ni wewe. Alisimama pale na chetezo chake kinafuka moshi, akamtazama Kombe, akalitazama lile lichuma, kisha akasema, "Basi, amemtanguliza huyu." Akaifukiza haro udi, kisahani baada ya kisahani, maana udi ulikuwa umekwisha kushika moto na yeye hapotezi kitu.

Jioni ile ukapiga simu. Nadhani unakumbuka ulivyomwambia. Ulisema, "Mama, hii nakuwekea amana mpaka nije." Wewe ulisema kama watu wanavyosema. Mama alisikia kama Mama anavyosikia. Tangu siku ile haro si haro tena, ni amana, na amana kwa Mama unaijua: kuna sufuria hapa ya jirani aliyehamia Lunga Lunga mwaka nilioolewa, bado imetundikwa, haijapikiwa hata chai.

Sasa nije kwenye banda. Ulipotuma vipimo ulisema futi kumi na nne kwa sita, pamoja na ile picha ya haro ikiwa imelala juu ya lori. Vipimo nilimpa shemeji yako Idris, ambaye alijitolea kujenga, na wala sikuona ubaya wowote, kwa kuwa kuunda mashua anajua kuliko mtu yeyote kisiwani Wasini. Kosa langu ni kusahau kwamba Idris hajapata kuunda kitu kingine.

Idris alichukua kumi na nne, akasema huo ndio urefu wa chombo, kutoka omo mpaka tezi. Akachukua sita, akasema huo ndio upana wa tumbo. Akajenga banda la chombo: refu, futi kumi na nane, jembamba, mlango futi nane tu upande wa mbele, nguzo za mvinje, kiambaza cha udongo, mabati juu. Banda zuri, Mselem, sitamnyima haki yake. Lingekuwa karibu na maji ungetia ndani mashua na ikabaki nafasi ya nyavu. Haikumpitia kichwani kwamba kuna chombo duniani kinachokwenda mbele kwa ubavu wake, na ambacho upana wake umeuzidi urefu wake. Kwa akili ya bahari, kitu kama hicho kingezama kabla ya kufika popote.

Kombe aliirudisha nyuma haro mpaka mlangoni. Futi kumi na nne zikatazamana na futi nane. Idris akasema mlango hauna kosa, kosa ni la aliyeunda mashine. Kombe akasema watu wa visiwani wapewe pweza wapige, wasipewe ujenzi. Idris akajibu kwamba Mduruma akitaka kupima zizi huhesabu mbuzi. Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nimeshika kichwa.

Nilipendekeza tupanue mlango. Idris akasema nguzo mbili za mlangoni ndizo zilizobeba paa, ukiondoa moja mabati yote yatalala. Kombe hakumsadiki, akajaribu kupenyeza pembe ya haro kwa nguvu ya trekta. Nguzo ya kushoto ikaingia ndani kidogo, paa likainama upande mmoja, nasi sote tukaamini. Kombe akasema basi tuifungue vipande, tuviingize kimojakimoja. Hapo Mama akanyanyuka. Akasema amana hairudishwi vipandevipande, na atakayeigusa kwa spana atamgusa na yeye.

Ikabaki nje, mbele ya mlango wa nyumba yake yenyewe, nayo Ramadhani ikaandama. Nani atavuta chuma cha zaidi ya tani na hajanywa maji tangu alfajiri? Tukakubaliana kungoja mpaka baada ya Idi. Wote tukakubaliana isipokuwa mmoja.

Mama alisema amana hailali nje peke yake. Akatoa kiti chake cha kamba, akakiweka ubavuni mwa haro, akakaa. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Ndugu yangu, alikaa Ramadhani nzima. Alifunga hapo, alisali hapo, alifuturu hapo, na nikimpelekea uji alinitaka nisogeze bakuli mbali na visahani visije vikapata kutu. Jua la kaskazi likimpiga utosini na yeye na pumu yake. Jirani Jemima, mke wa Kombe, alimhurumia akamwambia Cynthia alete mwavuli mkubwa kutoka Diani, ule wa kuwakinga wazungu ufukweni, uliotupwa kwa kuvunjika ubavu mmoja. Tukauchomeka ardhini. Basi waliopita njiani waliona mwavuli wa buluu na mweupe, chini yake bibi kizee na tasbihi, na pembeni yake visahani ishirini na vinne vinang'aa. Watu walianza kuja kutazama. Mama akawapokea vizuri, akadhani wanakuja kumpa pole.

Daktari alishamkataza mambo matatu: vumbi, umande na kuchoka. Nikimkumbusha alisema daktari hakuwekewa amana. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikalia mbele yake siku moja, kweli nililia, akanipa ncha ya kanga yake nijifute, akasema haro ikiingia naye ataingia, na akaendelea na uradi. Ndipo nilipojua kwamba njia ya kumwingiza Mama ndani ni moja tu, nayo ni kuiingiza haro.

Aliyepata shauri, nalo ni shauri la maana, ni yuleyule Idris. Alikuja siku ya pili ya Idi na Ikram, akazunguka haro mara tatu mikono nyuma, kisha akasema sisi wote tumekuwa wajinga, akatusema wingi ili asijitaje peke yake. Akasema mlango una futi nane na haro kwa kutoka mbele mpaka nyuma ni sita. Basi iingie kwa ubavu, kama kaa. Kombe akamwambia magurudumu hayaendi kwa ubavu. Idris akasema mashua nayo haina magurudumu, na hajapata kuiona iliyolala mchangani kwa kukosa magurudumu. Tutaishua, kama mashua inavyoshushwa majini.

Jumamosi ya tarehe tano wakaja watu wa Mkwiro, wanaume ishirini na watatu, ndani ya gari la samaki, na kamba ya nanga, na dumu la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Kombe naye akawakusanya wenzake, wachungaji wa upande wa Kinango, wenye mikono mirefu. Idris alipowaona alisema hawa wasukume, wa kwetu wavute, kwa kuwa kuvuta kunataka elimu. Kombe aliinyanyua haro kwa trekta, akaishusha taratibu juu ya magogo mawili marefu ya mnazi yaliyolazwa kuelekea mlangoni, na chini yake tukapanga magogo mafupi ya kuviringika. Kiambaza cha nyuma cha banda kikatobolewa tundu la kupitisha kamba. Kombe alitaka kamba ifungwe kwenye trekta lake ivute mara moja. Idris akakataa akasema trekta halisikii mtu akisema basi. Hilo nalo lilikuwa kweli, na nguzo ya kushoto ilikuwa shahidi.

Magogo yakapakwa sifa. Mselem, wewe umesahau harufu ile, mimi sitaisahau tena. Haikupita robo saa, paka wote wa Kikoneni walikuwa uani, na wengine sijui walitoka wapi, maana kuna mmoja mwenye kengele shingoni. Jemima alijifunga kanga puani kama daktari.

Wote wakashika mahali pao, kisha hakuna aliyevuta. Nikauliza tunangoja nini. Mmoja wao akanijibu kwa adabu kabisa kwamba kwao chombo hakishuliwi mpaka mwenyewe akiwekee mkono. Mwenye chombo yuko wapi? Watu wakatazamana. Idris akaanza kusema ulipo, kwamba uko Oman, na hapo Mama akainuka kwenye kiti. Akaingia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ilipoandama, akatoka na ile kofia yako uliyoiacha msumarini, akaivaa juu ya mtandio wake. Akasema, "Mwenyewe huyu hapa." Akaweka kiganja juu ya chuma, akasoma Fatiha, tukaitikia, na Kombe akasema Amina kwa sauti kuliko Waislamu wote.

Nitakwambia kweli. Kicheko kilinijaa kifuani kwa ile kofia, lakini nilipouona mkono wake pale juu ya chuma, mdogo, umekunjamana, sikucheka.

Idris akapanda juu ya haro, akaita, wakaitikia harambee, na lile dubwana likasogea. Kwa ubavu! Hatua moja, mbili, tatu. Ya nne watu wa Mkwiro wakaacha kuvuta wote kwa pamoja, wachungaji wakajigonga vifua kwenye chuma. Kombe akauliza nini tena. Wakasema wanangoja maji. Kwa mazoea yao, ukifika hapo huwa unangoja wimbi linyanyue chombo. Kombe akawaambia haya maji ya hapa huja mwezi wa nne, tena kutoka juu. Wakacheka, wakaona haya, wakavuta. Baada ya hatua nyingine nne wakangoja maji tena. Waliyangoja mara tano kwa jumla, na mara ya tano wachungaji nao walikuwa wakingoja.

Shida ni kwamba wavutaji walikuwa nyuma ya kiambaza, hawaoni kitu. Haro ilipoingia yote, Idris akasema basi. Wao kule nyuma walikuwa wakiimba, hawakusikia basi wala bado. Ukaona kiambaza kinavimba, kikapasuka, na kisahani cha mwisho kikatokeza nje na kuwatazama usoni. Ndipo walipoachia kamba. Kwa hiyo banda lako sasa lina dirisha lisilofungika. Idris anasema lilihitaji hewa.

Chombo kikishuliwa, watu hula. Mbuzi alitoka kwa Kombe, na mbuzi alipoonekana mdogo kwa halaiki ile, ndipo wale kuku wangu wawili walipokwenda. Tulikaa kwenye mikeka, wa kisiwani na wa barani sinia moja, wakasifiana kwa namna ya kutukanana. Katikati ya ubwabwa Kombe akainua kichwa, akauliza siku ya kulima tutaitoa vipi. Watu wote waliacha kutafuna. Idris alimeza tonge lake polepole, kisha akasema chombo kilichopanda hushuka, na kwamba watarudi wote akiwapo mwenyewe. Akamaliza kwa ule msemo wao, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alisema hivyo akinitazama mimi, kana kwamba wewe nimekuficha kabatini.

Wageni walipoondoka nilijihisi mwepesi. Nilichukua kiti cha Mama nikakirudisha barazani, nikaung'oa mwavuli, nikatandika kitanda chake shuka safi na kumwekea dawa zake kichwani pake. Nikamwona anakuja na mkeka wake kwapani. Akaupita mlango wa nyumba. Akaupita kabisa, akaingia bandani.

Nilimfuata. Alikuwa anapima kwa nyayo ile nafasi iliyobaki kati ya haro na mlango. Akasema inatosha kitanda. Nikamwambia, "Mama, si imeingia? Si umesema ikiingia nawe utaingia?" Akanijibu kwamba yeye ameingia. Amana imeingia na yeye ameingia nayo, na hajapata kuniambia ataingia wapi. Nikafikiria, Mselem, na kweli hakuniambia.

Nikamwuliza atakaa humo mpaka lini. Hapo alinitazama kama mtoto asiyejua sura fupi ya kusalia. Akasema aliyemwekea ni Mselem. Siku Mselem akija, akiishika kwa mkono wake na kusema, "Mama, nimepokea," siku hiyo atarudi chumbani kwake. Nikamwambia utayasema hayo kwa simu. Akasema amana haipokewi kwa simu, mkono haupiti.

Basi ndiyo hali tuliyo nayo. Mama anaishi bandani. Kitanda chake kiko mlangoni, mtandio wake umetundikwa kwenye kisahani cha tatu, dawa zake ziko juu ya cha saba, na kuku mmoja ameanza kutaga kwenye cha kumi na moja na amepewa ruhusa. Wageni wake huwapokea humo. Banda linanuka papa, naye anasema ananusa utoto wake. Kombe aliomba haro akalime kwake, itolewe na watu kama ilivyoingizwa, akaambiwa amana haitumiwi. Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakupata mgeni aliye jembe mwenyewe. Shamba letu nalima kwa jembe la mkono, huku nikisikia kule bandani kukohoa kwa mashine ambayo ingelilimaliza kabla ya adhuhuri.

Hapana. Nimeandika kukohoa kwa mashine, na hapo ndipo nataka uache kucheka. Mvua zilianza Jumatatu iliyopita. Chini ni udongo mtupu, na upepo unaingia kwa lile dirisha la Idris. Mama anakohoa. Akidhani simsikii hukohoa kwa muda mrefu, na nikitokea mlangoni hunyamaza, hushika pumzi, na kusema ni haro, chuma hulia kikipata unyevu. Nimeziba tundu kwa gunia. Nimemletea jiko la makaa, amelitoa nje, eti moshi utaichafua. Ukimshika kifua unakisikia kinafanya kazi kama mvukuto wa mhunzi. Mimi naogopa, Mselem. Nimekwisha kusema.

Huu ni mwaka wa tisa. Sikulaumu, najua kazi za watu na ruhusa za watu, na najua umetulisha sisi sote. Lakini ulisema "mpaka nije" kama mtu anavyosema inshallah akitaka kuaga, naye akaipokea kama ahadi, akajifunga nayo. Hakuna wa kumfungua ila wewe. Wiki mbili zatosha. Siku moja yatosha. Uje uweke mkono pale alipouweka yeye, useme maneno mawili, urudi zako kwa waajiri wako ukitaka. Na mimi pia nimekukumbuka, wala si kwa sababu ya kulima.

Ikram anakusalimu sana, na Idris, ambaye anataka ujue kwamba banda halina kosa lolote. Kombe na Jemima wanakusalimu kwa jina la Mola wao, na wanakuomba umtazame Cynthia kama dada yako mdogo huko ugenini, kwani hajapata kulala mbali na kwao. Mpe chai kwanza kabla ya kumwuliza maswali.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akufungulie njia ya nyumbani kabla mvua haijaifunga, na akukutanishe na Mama naye akiwa na pumzi ya kukugombeza. Amin.

Ni mimi dada yako akupendaye, mikono imejaa malengelenge,

Mwanaima.

N.B. Mama amekuja amesimama nyuma yangu kabla sijaikunja, akaniuliza nimeandika nini. Nimemwambia nimeandika kuwa haro iko salama. Amesema niongeze kuwa na yeye yu salama, hajachoka, na usije ukaacha kazi ya watu kwa ajili yake. Nimeongeza kama alivyosema. Lakini asubuhi ya leo amemwagiza Idris kwa simu kitanda cha pili cha kamba, kiwe kirefu, kwa kuwa miguu yako ilikuwa ikitokeza nje. Idris ameuliza futi ngapi. Kisha mwenyewe akasema hapana, safari hii hataki kuambiwa, atakungoja ufike akupime.